Chumvi Inalowa, Mvua Hainyeshi

Maswali ya wasomaji kuhusu bahari na hewa

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimeambiana. Zote zinauliza juu ya kusi na kaskazi, zile pepo mbili za msimu, moja ya kutoka kusini na nyingine ya kutoka kaskazini, na ukizisoma kwa makini zinauliza jambo moja: bahari inaupa upepo kitu gani, na upepo unakipeleka wapi. Kwa wasionijua, nilikuwa mpima hewa katika kituo kimoja cha pwani ya Tanga kwa miaka 31 mpaka nilipostaafu, na baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Naanza na barua ya Kipumbwi kwa sababu nimekaa nayo siku nyingi, naipenda.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa Kipumbwi, wilaya ya Pangani. Kusi ikishika mwezi wa sita tunavuta mashua juu. Upepo unatoka baharini usiku na mchana mpaka mwezi wa tisa, chumvi ndani ya kopo inakuwa uji. Lakini mvua ya maana hatuioni. Maji yote hayo upepo unayapeleka wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tuanze na hilo kopo la chumvi, maana umeshika kipimo mkononi. Chumvi huanza kunyonya maji ya hewani pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi. Chini ya hapo inamwagika kama mchanga. Ukipita hapo inalowa. Kwa hiyo chumvi yako haikudanganyi: hewa iliyofika mlangoni pako imebeba maji mengi.

Kituoni sisi tulikuwa na vipimajoto viwili ndani ya kibanda cheupe cha mbao. Kimoja kikavu, cha pili kimevishwa kitambaa chembamba cha pamba ambacho ncha yake imezama kwenye kichupa cha maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa yanaruka haraka na kile kipimajoto kibichi kinashuka, pengine nyuzi tano au sita chini ya mwenzake. Hewa ikiwa imeshiba, vinakaribiana. Kwa vile tulikuwa karibu na maji, kitambaa kilikuwa kinashika chumvi, na kikishika chumvi kinasoma juu kuliko haki. Nilikuwa nakibadilisha kila Jumatatu, kabla ya usomaji wa saa tatu asubuhi.

Sasa kwa nini kile kibichi kinapoa? Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu pepo za msimu zote zinasimama juu ya jibu hili. Maji hayageuki mvuke bure. Yanadai joto, na yanalichukua kwa chochote kilicho karibu. Mama yangu alikuwa na mtungi wa udongo ukumbini, umekalishwa juu ya kata ya makuti. Maji yalikuwa yanapenya udongo, ngozi ya mtungi inabaki mbichi muda wote, na upepo unaikausha. Januari, kaskazi ikiwa kavu, maji ya mtungi ule yalikuwa ya kuuma meno. Aprili, katikati ya masika, mtungi ule ule ulitoa maji ya vuguvugu, kwa sababu hewa ilikuwa imeshiba na haikuwa na nafasi ya kuchukua zaidi.

Ukubwa wa joto hilo ndio watu wengi hawaujui. Weka birika la lita moja jikoni. Lile joto la kuyatoa maji kwenye hali yake ya kawaida hapa pwani mpaka yachemke, lizidishe mara saba: ndilo linalohitajika kuyakausha yote. Na muda wote wa kukauka, kipimajoto ukikitia ndani ya birika hakipandi. Joto linaingia halionekani. Limejificha ndani ya mvuke, na ndiyo maana kwenye vitabu linaitwa joto fiche. Mvuke ukirudi kuwa maji, popote utakaporudia, joto lile lile linatoka.

Kusi inaanzia mbali, kwenye eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwetu, pande za Mauritius na Réunion. Kule hewa inateremka kutoka juu, na hewa inayoteremka huwa kavu. Halafu inakuja kwetu ikipita juu ya maelfu ya kilomita za bahari yenye vuguvugu. Juu ya maji pana utando mwembamba wa hewa iliyoshiba. Upepo unaufagia, unaleta hewa yenye nafasi, na bahari inatoa tena. Upepo ukikaza, bahari inatoa zaidi. Bahari iliyo chini ya upepo wa namna hiyo inaweza kutoa milimita tano za maji kwa siku bila ajabu yoyote. Milimita tano ni lita tano kwa kila mita ya mraba, na lita hizo zinaondoka na joto linalolingana na kuchoma karibu nusu kilo ya mkaa. Kila mita ya mraba, kila siku. Piga hesabu ya kilomita moja tu ya mraba, unapata kama tani 400 za mkaa. Na bahari kati yetu na Mauritius unaijua ukubwa wake.

Kwa nini sasa hainyeshi Kipumbwi? Kwa sababu mvuke haugeuki mvua mpaka hewa ipande juu ipoe, na Juni hadi Septemba hewa ya kwetu haina cha kuipandisha. Juu yake, kama kilomita mbili hivi, kuna tabaka la hewa kavu inayoteremka, limeifunika kama kawa juu ya sinia. Vile viwingu vyeupe unavyoviona asubuhi vinakimbia kutoka baharini vinachomoza, vinagonga kawa, vinatawanyika. Isitoshe, upepo unafuata urefu wa pwani na unazidi kasi kadiri unavyokwenda kaskazini, kwa hiyo hewa inatanuka badala ya kusongamana. Na bahari yenyewe ya kwetu Agosti imeshapoa, iko kwenye nyuzi 25 hivi. Tunapata manyunyu ya mchoo, zile mvua ndogo za miezi ya baridi, basi.

Hewa hiyo ikifika Kenya inakutana na nyanda za juu. Haizivuki, inazifuata ubavuni kama maji yanavyofuata ukingo wa mfereji, na inakaza mwendo. Mwaka 1969 Mwingereza mmoja mtaalamu wa hali ya hewa, John Findlater, aliueleza mkondo huo wa hewa: unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, unavuka ikweta juu ya mashariki ya Kenya, unatokea Somalia, unakata Bahari ya Arabu mpaka India. Kitovu chake kiko juu kama kilomita moja na nusu tu. Ukishavuka ikweta, mzunguko wa dunia unaupinda kuelekea kulia, na huko wanauita upepo wa kusini-magharibi. Takriban tarehe 1 Juni unaigonga Kerala, unalazimika kupanda milima ya Ghats ya Magharibi, na hapo ndipo maji uliyouliza yanapoteremka. Si ya kwetu peke yake, maana Bahari ya Arabu nayo inachotwa njiani na mchango wake ni mkubwa. Lakini upepo unaokufanya uvute mashua ndio unaomfanya mkulima wa kule apande mpunga.

Swali: Shikamoo bibi. Niko kidato cha nne, Lindi. Kitabu kinasema upepo wa monsuni unatokana na nchi kavu kupata joto haraka kuliko bahari. Lakini mwalimu alituambia India ina joto kali zaidi mwezi wa Mei, na mvua ikianza ardhi inapoa. Kama ardhi imeshapoa, mbona upepo hauishi?

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Umeona ufa ambao watu wazima wengi wanaupita. Maelezo ya kitabu chako ni ya zamani sana. Mwingereza Edmond Halley aliyaandika mwaka 1686 pamoja na ramani ya pepo za bahari za ukanda wa joto. Si uongo. Ila yanaeleza moto unavyowashwa, hayaelezi unavyoendelea kuwaka.

Mei, kaskazini-magharibi mwa India kunapita nyuzi 45. Hewa ya juu ya ardhi ile inakuwa nyepesi, mgandamizo unashuka, hewa ya baharini inaanza kuvutwa. Hadi hapo kitabu kiko sawa. Kisha mvuke unafika, unapanda, unageuka matone, na joto fiche lililochukuliwa baharini linatoka, kule juu, kilomita kadhaa kutoka ardhini. Kuanzia hapo kinachoipasha hewa ya India joto ni mvua yenyewe. Ardhi chini inapoa, mtu anavaa sweta usiku milimani, lakini hewa ya juu imepata joto zaidi kuliko Mei, inavuta zaidi, na upepo wa Julai una nguvu kuliko wa Juni.

Tupige hesabu pamoja, wewe una kikokotoo. Wastani wa mvua ya India kuanzia Juni hadi Septemba ni milimita 870 hivi. Hizo ni kilo 870 za maji kwa mita ya mraba, na kila kilo inapogeuka tone inatoa karibu juli milioni 2.5. Gawa kwa sekunde za siku 122. Utapata wati 200 na ushei. Ni sawa na balbu mbili za zamani za wati mia kwa kila mita ya mraba ya nchi nzima, miezi minne, usiku na mchana hazizimwi. Joto lote hilo lilikuwa la jua lililotua juu ya maji, likabebwa likiwa limefichwa, likafunguliwa huko.

Sasa kwa nini isianze Machi, wakati ardhi imeshaanza kupata joto? Kwa sababu bahari ina uzito wake. Tabaka la juu la bahari lenye kina cha mita mbili na nusu tu linahitaji joto sawa na hewa yote iliyo juu yake, mpaka mwisho wa anga, ili lipande nyuzi moja. Bahari inakwenda taratibu. Sehemu za Bahari ya Arabu zinafika nyuzi 30 ikiwa Aprili au Mei. Mwaka 1984 watafiti wa India, akiwamo Sulochana Gadgil, walionyesha kwamba mawingu marefu ya mvua juu ya Bahari ya Hindi hayajikusanyi vizuri mpaka maji yapite nyuzi 28 hivi. Chini ya hapo unaweza kuwa na upepo na unyevu na bado usione wingu la maana. Pia kuna Himalaya, ambayo inazuia hewa kavu ya kaskazini isije kuchanganyika na hii yenye mvuke na kuivuruga.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Upepo ukichota joto, bahari inapoa. Bahari ya Arabu inafika Agosti imeshuka nyuzi kadhaa. Ghuba ya Bengal, upande wa pili wa India, haipoi namna hiyo. Inabaki juu ya 28 na inaendelea kuzaa mawingu. Sababu ni maji baridi, nakusudia yasiyo na chumvi. Mito ya Ganges na Brahmaputra inamwagika humo, na mvua inanyesha juu yake. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya na maji ya ubaridi ya chini. Tabaka hilo jembamba likipigwa na jua linapata joto haraka. Kwa hiyo mvua inaisaidia bahari kubaki tayari kwa mvua nyingine. Mwambie mwalimu wako swali lako ni zuri.

Swali: Naongoza wageni Malindi, kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama. Wananiuliza kwa nini alikwenda India upesi hivyo na kurudi kukawa balaa. Niwajibu nini?

Jibu: Waambie tarehe tu, zinatosha. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyempata hapo, kusi imeanza kuingia. Tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Kurudi aliondoka Calicut mwisho wa Agosti, akakata bahari mapema Oktoba, na hakuiona pwani ya Afrika mpaka mwanzo wa Januari 1499. Miezi mitatu baharini, upepo hakuna au unampinga, na watu 30 wakafa kwa kiseyeye.

Baba yangu alikuwa anaita kipindi hicho tanga mbili, hujui utafunga tanga upande gani. Oktoba jua limeshahamia kusini, lakini bara la Asia halijapoa vya kutosha na bahari ya kaskazini bado ina joto lake, kwa hiyo hakuna upande unaomsukuma mwenzake. Kaskazi inataka mpaka Novemba au Desemba ndipo isimame. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanaisubiri bandarini, na neno letu msimu limetoka huko, kwenye mawsim ya Kiarabu.

Swali: Asalaam aleikum Bi. Naishi Muscat, wazee wangu ni wa Unguja. Julai sisi hapa tunaungua, lakini tukienda Salalah tunakuta ukungu, manyunyu na majani mabichi. Je, ni kusi ile ile ya nyumbani?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu. Ndiyo hiyo hiyo, imevuka ikweta ikapinda. Lakini hapo Dhofar, jimbo la huo mji wa Salalah, bahari inafanya kinyume cha yale niliyomweleza mvuvi wa Kipumbwi, na ndiyo maana nimefurahi umeuliza.

Upepo ule unakwenda sambamba na pwani ya Somalia na Oman. Kwa mzunguko wa dunia, maji ya juu yanasukumwa kulia kwake, yaani mbali na ufuko, na maji ya chini yanapanda kuziba nafasi. Haya ni maji ya ubaridi. Karibu na Ras Hafun, Somalia, Julai na Agosti yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, mahali ambapo Mei ungeoga kama umechemshiwa. Pwani ya Salalah nayo inapoa hivyo hivyo, ingawa si kwa kiasi hicho.

Sasa fikiria hewa iliyoshiba mvuke, yenye vuguvugu, inakuja juu ya maji ya ubaridi. Hapa hewa ndiyo inayotoa joto na bahari inapokea. Hewa inapoa kuanzia chini, mvuke unageuka vitone vidogo, na unapata ukungu. Mawingu marefu hayapatikani, maana hewa iliyopoa chini ni nzito haitaki kupanda, na juu yake kuna hewa kavu yenye moto inayotoka jangwani, imeifunika. Inachoweza ni kusukumwa na upepo mpaka ubavuni mwa milima ya Dhofar na kukwama hapo. Matone mengi yananaswa na majani ya miti na kudondoka chini, ndiyo maana chini ya mti kunalowa kuliko uwanjani. Vuka mgongo wa mlima upande wa pili, kilomita chache tu, uko jangwani. Muscat iko mbali na njia ya upepo huo, mnabaki na jua lenu. Khareef yenu, yaani huo msimu wa ukungu, inahesabiwa kuanzia tarehe 21 Juni mpaka 21 Septemba. Ukienda wiki ya kwanza utakuta milima bado ya kahawia, subiri Agosti.

Swali: Bi, nalima mwani Jambiani. Kotonii yangu inakufa kila Februari na Machi. Oktoba jua ni lile lile, mbona haifi namna hiyo?

Jibu: Jua ni lile lile kweli. Zanzibar linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Tofauti iko kwenye maji. Oktoba bahari imetoka kwenye miezi mitano ya kusi iliyoikamua joto na kuikoroga mpaka chini. Machi imetoka kwenye kaskazi, ambayo ni nyepesi, na sasa hata hiyo inakufa, tuko malelezini, kipindi cha kati ambapo pepo hutulia. Jua linaingia, joto halitoki. Maji ya nje yanafika nyuzi 29 au 30, na kwenye vidimbwi vyenu bamvua likitoka mchana yanapita hapo. Kotonii haivumilii, spinosumu, ile aina nyingine ya mwani, inavumilia zaidi. Wenzenu waliohamia maji ya kina kirefu kidogo, penye mkondo, wanavuna miezi hiyo.

Swali: Mama, ni mkulima wa mahindi Handeni. Kila Agosti Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa mwelekeo wa vuli wanazungumzia joto la bahari pande za Indonesia. Handeni na Indonesia wapi na wapi? Na hiyo daipoli ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, ni kilomita zaidi ya 6,000, na bado wana haki ya kuizungumzia.

Katika mwaka wa kawaida, maji yenye joto zaidi ya Bahari ya Hindi yanakaa upande wa mashariki, karibu na Sumatra. Hewa inapanda kule, inanyesha kule, na upepo wa ikweta wa Oktoba na Novemba unaelekea huko. Sisi tuko upande wa kushuka, tunapata vuli ya wastani. Miaka mingine maji ya Sumatra yanapoa. Upepo unageuka, unatoka huko kuja huku, unasukuma maji ya joto magharibi mpaka kwetu, na pale Sumatra maji ya ubaridi yanapanda kuziba nafasi, kama nilivyoeleza habari ya Somalia. Bahari ya kwao inazidi kupoa, ya kwetu inazidi joto, tofauti inaukaza upepo, upepo unaikaza tofauti. Upepo huo unafika Tanga ukiwa umepita juu ya maji ya joto njia nzima na umejaa mvuke, na safari hii kuna kinachoipandisha hewa. Hiyo ndiyo daipoli chanya. Watafiti wa Japani na wenzao waliitangaza kwa jina hilo mwaka 1999, lakini bahari ilikuwa inafanya hivyo tangu zamani.

Ushahidi upo hapa kwetu. Vuli ya 1961 ilikuwa ya namna hiyo, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. 1997 daipoli ilikuja pamoja na El Niño, lile joto lisilo la kawaida la maji ya Bahari ya Pasifiki, wewe mwenyewe lazima unakumbuka barabara zilivyokatika. Watu wakabaki na jina la El Niño peke yake mdomoni. Ila 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana, tukajiandaa kwa 1997 nyingine, na mafuriko ya kiasi kile hayakuja. 2019 ikawa kinyume: El Niño ya maana haikuwapo, daipoli ikawa kali, na vuli ikamwagika mpaka Januari. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika alama ile ya 1964 na kuipita kidogo. Halafu 2022 daipoli ikawa hasi, joto limekaa upande wa Sumatra, na vuli ikafeli sehemu nyingi za Afrika Mashariki ambazo zilikuwa tayari zimechoshwa na ukame.

Kwa hiyo ukisikia Agosti kwamba maji ya mashariki yako chini ya wastani na ya magharibi yako juu, tega sikio. Ukisikia kinyume chake, tafuta mbegu ya muda mfupi na usiuze akiba yote ya mahindi. Kwa masika mambo ni tofauti: hayafuati daipoli, na kuyatabiri mapema ni kazi ngumu zaidi, kwa hiyo taarifa ya Februari usiipe uzito sawa na ya Agosti. Na kwa vuli, mwelekeo wa msimu unakwambia jumla tu, haukwambii siku ya kupanda. Siku ya kupanda chukua jembe, fukua shambani pako baada ya mvua ya pili au ya tatu, uone unyevu umeshuka mpaka wapi.